Nusu ya Bonde

Subilaga alikuwa amelazwa kwenye darasa la shule ya msingi, juu ya madawati yaliyosogezwa pamoja, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao. Alipomwona mdogo wake akiingia hakumsalimu.

"King'ora kililia ng'ambo ya mto," alisema. "Tulikisikia vizuri kabisa. Shemeji yako Ambakisye akasema labda ni mazoezi yao. Tukarudi kulala."

Daktari Atupele Mwambene alipiga magoti kando yake, akamshika mkono. Matope yalikuwa bado yamekaukia kwenye kucha za dada yake. Darasa zima lilinuka matope yale. Bwawa la Lwiko lilikuwa limefurika kwa mvua za wiki nzima, na maji yaliposhuka yalipita ukingo wa magharibi, yakachukua Ipunga, Lubele na sehemu kubwa ya Nkwisi. Mashariki, kwenye mji mkuu wa Kisindile, watu waliamshwa mapema, wakapandishwa mabasi, wakapewa blanketi na chai ya moto. Huko hakufa hata mmoja. Magharibi walikuwa bado wanaokota watu.

"Shemeji bado hajaonekana?" Atupele aliuliza.

Subilaga alitikisa kichwa. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemtuma mwenzake dukani, "Wewe unafanya kazi na wale wa Baraza, mdogo wangu. Hebu waulize. Wala si kwa ubaya. Waulize tu, sisi tulikosa nini."

Kama dada yake angemtukana, Atupele angejua la kujibu. Ule upole ndio uliomuumiza. Alitoka nje, akasimama mvuani karibu na mlingoti wa bendera, na hasira ikampanda. Sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa kali zaidi.

Maana utepe waliouvaa wale wa Baraza ulikuwa wake.

Aliutengeneza akiwa daktari kijana, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa kilichokataa dawa. Ni mshipi mwembamba unaozunguka kichwa juu ya masikio. Hupeleka mapigo madogo ya sumaku, na mapigo hayo hulaza nusu moja ya ubongo huku nusu nyingine ikiendelea na kazi. Mgonjwa huvaa kwa dakika chache, daktari huona degedege linaanzia wapi, kisha utepe unavuliwa. Basi. Hakuwahi kuufikiria kwa matumizi mengine.

Halafu wanasiasa wakaja na hadithi yao. Walisema nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo ya hesabu, sheria na mpangilio, na nusu ya kulia ndiyo ya nyimbo, machozi na huruma. Atupele alisimama mbele ya kamati yao akawaambia kwamba hakuna binadamu wa namna hiyo. Ni kweli lugha huegemea zaidi kushoto, na kazi ya kuangalia pande zote za dunia huegemea zaidi kulia, lakini hakuna mtu anayefikiri kwa nusu, kama ambavyo hakuna anayetembea kwa goti moja. Walimshukuru kwa mchango wake. Kisha wakatunga sheria.

Watoto wakaanza kupimwa wakiwa darasa la saba, na watu wazima kila mwaka makazini. Wenye beji ya bluu wakaitwa Wakushoto, wakapelekwa kwenye uhandisi, sheria na utawala. Wenye beji nyekundu wakaitwa Wakulia, wakapelekwa kwenye uuguzi, muziki na kilimo. Vyama vikabaki viwili, Chama cha Hesabu na Chama cha Moyo, kila kimoja kikiapa kwamba mwenzake ni mgonjwa. Chama cha Hesabu kiliposhinda kilipitisha Sheria ya Akili Tulivu: yeyote anayeamua juu ya usalama, ardhi au uhai wa raia sharti alaze nusu yake ya kulia, asije akayumbishwa na hisia.

Na Atupele alibaki kazini. Akawa Mkaguzi Mkuu wa Tepe. Alijiambia kwamba akiondoka atakuja mbaya zaidi. Huko mvuani, karibu na mlingoti, alishindwa kumfikiria huyo mbaya zaidi angekuwa nani.

*

Alifika kwenye jengo la Baraza wakati wa chakula cha mchana. Wajumbe walikuwa mezani na tepe zao kichwani. Zamani walizivaa wakati wa kupiga kura tu, lakini tangu mvua zianze kulikuwa na agizo la dharura: hakuna kuvua mpaka hatari ipite. Walikula nazo na kulala nazo.

Atupele alikuwa amekwenda kumtafuta Mwenyekiti. Alisimama ghafla katikati ya ukumbi, kwa sababu ya sahani.

Mzee Mwakipesile, mjumbe aliyekaa karibu na mlango, alikuwa amemaliza chakula chake. Yaani alikuwa amemaliza upande wa kulia wa sahani. Wali na nyama vya upande huo vilikuwa vimefagiliwa vyote. Upande wa kushoto kulikuwa na wali, maharage na ndizi, havijaguswa, kana kwamba mtu amepita na kisu katikati. Mzee alikuwa akilalamika.

"Siku hizi mnatupunja," alimwambia mhudumu. "Mtu mzima anapewa chakula cha mtoto?"

Atupele alinyoosha mkono, akaizungusha sahani.

"Ahaa," mzee alisema, akachukua kijiko. "Sasa hapo sawa."

Atupele akazitazama meza zote. Sahani zote zilikuwa vile vile. Akazitazama na nyuso zao: wanaume wengi walikuwa wamenyoa ndevu za shavu la kulia tu. Mama mmoja wa Kamati ya Ulinzi alikuwa amevaa hereni moja, na kola yake ya upande wa kushoto ilikuwa imekunjika kwa ndani.

Alilijua jambo hilo. Kila daktari wa ubongo analijua. Nusu ya kulia ndiyo inayotuangalizia upande wa kushoto wa dunia. Ikilala kwa muda mrefu, upande huo haugeuki kuwa giza. Unaacha kuwepo, na mtu hajui kwamba kuna kitu hakioni. Ukimuuliza, nusu ya kushoto, ile yenye maneno, humtafutia sababu nzuri, naye huiamini.

Ukutani kulikuwa na ramani ya bonde la Lwiko, kaskazini juu kama ramani zote. Mto ulipita katikati. Mashariki ilikuwa mkono wa kulia.

Magharibi ilikuwa mkono wa kushoto.

*

Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Lutengano Sanga, alimpokea ofisini kwake bila kinyongo. Alikuwa mtu mkubwa wa umbo, mwenye sauti ya kwaya, na Atupele aliwahi kumheshimu.

"Ni ukaguzi wa kawaida, Mheshimiwa," alisema. "Fumba macho. Umesimama kwenye daraja kuu, umeelekea bwawani. Nitajie vitu unavyoviona."

"Naona Hospitali Kuu," Sanga alisema. "Soko jipya. Mtaa wa Bustani, nyumbani kwangu. Kituo cha mabasi."

"Na kingine?"

"Ndiyo hivyo tu."

Vyote vilikuwa mashariki.

"Sasa panda mpaka juu ya bwawa. Geuka, uelekee darajani. Unaona nini?"

"Naona Ipunga na shule yao. Mashine za kukoboa za Lubele. Nkwisi kule chini, na mashamba ya chai."

"Hospitali Kuu iko wapi?"

"Sidhani kama kuna hospitali pale," Sanga alisema kwa utulivu.

"Usiku ule wa mafuriko, kwa nini king'ora cha Ipunga hakikupigwa?"

"Ipunga hawakuhitaji. Wako mlimani."

"Ipunga iko bondeni. Ulikwenda mwenyewe kuzindua kisima."

"Basi walikuwa wameshaonywa na wakuu wao."

"Hawakuonywa. Mpiga king'ora wao alipiga simu hapa mara nyingi kuomba ruhusa. Akaambiwa ana beji nyekundu, aache hisia, akate simu."

"Kama ni hivyo, simu zilikuwa mbovu," Sanga alisema, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililomtisha Atupele. Mtu mwongo angeweza kubanwa.

Sheria ilimruhusu mkaguzi kumvua mjumbe mmoja utepe kwa ajili ya uchunguzi. Akaufungua, akauweka mezani, akasubiri.

Ilichukua muda. Mwanzoni Sanga alifikicha macho tu. Halafu kichwa chake kikaanza kugeuka polepole kuelekea kushoto, kwenye ramani iliyotundikwa ofisini kwake, na kikaendelea kugeuka kupita pale kilipokuwa kikikomea kwa siku zote zile.

"Lubele," alisema. "Shangazi yangu yuko Lubele."

Atupele aliusogeza utepe mbali naye.

"Tulikaa pale mezani tukasoma taarifa. Nilisaini. Nilijiona nimefanya kazi yangu vizuri." Alijishika mdomo. "Watu wangapi?"

"Bado wanaokota."

Sanga aliitazama tena ramani. Kisha akanyoosha mkono akauchukua utepe.

"Mheshimiwa, usifanye hivyo."

"Kuna kikao saa tisa. Lazima tuamue maji yaliyobaki yaelekezwe wapi. Siwezi kuingia pale na jambo hili la Lubele kichwani."

"Hilo ndilo unalotakiwa kuingia nalo. Ndiyo kazi yenyewe."

"Wewe ndiye uliyetutengenezea kitu hiki, Daktari," Sanga alisema, naye hakupaza sauti. "Usinilaumu kwa kukivaa."

Akakivaa. Kichwa kikarudi pale pale kilipokuwa kikikomea. Baada ya muda mfupi akamtazama mgeni wake kwa adabu, akamuuliza kama bado kuna jingine.

*

Kwenye ujia alikutana na Kissa Mwalyego, kiongozi wa Chama cha Moyo, beji nyekundu kubwa kifuani. Kissa alimvuta pembeni.

"Nimesikia ulikuwa kwake. Dada, najua unao ufunguo wa kidaktari, ule unaoamrisha tepe zote kwa mpigo. Usizizime. Zigeuze. Walaze ule upande wa kushoto, leo kwa mara ya kwanza wapige kura kwa moyo."

"Unajua itakuwaje nikifanya hivyo?"

"Watawahurumia watu wa magharibi."

"Wengi wao watashindwa kutamka majina yao. Watakaa wakikodoa macho, wakitafuta neno 'maji' wasilipate. Huko kulia hakuna moyo, Mheshimiwa. Ni nusu ya ubongo, kama ile nyingine. Mngepata utepe kabla yao mngefanya haya haya, mkaimba na wimbo juu yake."

Kissa alikunja uso. "Wakati watu wanakufa unaniletea somo la shule?"

"Ndiyo," Atupele alisema. "Tangu mwanzo mlikataa kulisikia, ninyi na wao."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa Subilaga, na sauti yake ilikuwa ile ile ya upole. "Wamempata Ambakisye. Mwili wake ulikwama chini ya daraja dogo la Nkwisi. Usihangaike kuja sasa hivi, maliza kwanza kazi."

Atupele aliegemea ukuta. Shemeji yake alikuwa mwalimu wa hesabu na mpiga gitaa wa kanisa, na ule mtihani wa beji uliwahi kumpa bluu mwaka mmoja na nyekundu mwaka uliofuata. Alicheka sana siku hiyo. Alizivaa zote mbili.

Mfukoni, vidole vyake viligusa ufunguo. Kubonyeza mara moja kungetosha, tepe zote zizimike, waone. Lakini hiyo nayo ingekuwa kuingia kwenye vichwa vya watu bila ruhusa yao, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia. Kisha kesho wangesema mkaguzi aliwachezea akili, wangetengua kila kitu, na tepe zingerudi na kufuli juu yake. Aliutoa mkono mfukoni.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa umejaa. Kikao kilikuwa kikirushwa moja kwa moja kwenye skrini za mitaani, kambi zote za waliokimbia mafuriko zikitazama.

Mhandisi Sichone wa bwawa, naye utepe kichwani, alisoma taarifa ya mafundi wake. Ukuta hautahimili. Maji lazima yatolewe kabla ya jioni, ama kwa mfereji wa magharibi, ama kwa mfereji wa mashariki. Ipo na njia ya tatu, kufungua milango yote miwili nusu nusu, lakini hiyo inadai watu wahamishwe kutoka pande zote mbili na mashamba ya wote yazame kidogo.

"Pande zote mbili zipi?" mjumbe mmoja aliuliza.

Atupele alisimama upande wao wa kulia, ambako wangemwona. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kabla ya kura ramani igeuzwe. Kusini iwe juu."

"Kwa sababu gani?"

"Ukaguzi. Ramani ni ile ile. Hakuna kitakachoongezwa wala kupunguzwa."

Sanga aliona hakuna ubaya. Karani akaizungusha ramani kwenye skrini kubwa, majina yakajipanga upya. Sasa magharibi ilikuwa mkono wa kulia, na Kisindile yote, na Baraza lenyewe ndani yake, ilikuwa mkono wa kushoto.

Mzee Mwakipesile alikuwa wa kwanza kusema. "Mbona jambo lenyewe jepesi? Hapa kuna Ipunga, Lubele, Nkwisi. Kuna watu. Maji yapelekwe mashariki. Kule ni pori."

"Pori tupu," mama wa Kamati ya Ulinzi aliunga mkono. Nyumba yake na wajukuu wake walikuwa Mtaa wa Bustani.

Wakainua mikono. Wote. Nje, kutoka mitaani, sauti ilianza kupanda, kwanza kama upepo kwenye mabati, kisha ikawa sauti ya watu. Ndani ya ukumbi wajumbe walifunga mafaili yao wakiwa wameridhika.

Atupele aliisikia sauti ile. Alijua kina nani walikuwa wakipiga kelele: wauza vitumbua, wanafunzi, wagonjwa wa wodi ya chini. Mhandisi Sichone alikuwa ameshika simu, akisubiri sahihi tu. Mwenyekiti akachukua kalamu. Atupele akamwangalia akiifungua, akaiangalia ncha yake ikishuka kwenye karatasi, na kwa kitambo kile alisimama kimya, mikono pembeni.

Kisha akapiga hatua mbele. "Kabla hujasaini, Mheshimiwa, vua. Ni haki yangu kuagiza."

Sanga alivua. Safari hii hakufikicha macho. Ile sauti ya nje ilimfikia kabla ya kitu kingine chochote, akageuka kushoto dirishani, halafu kwenye skrini, halafu kwenye kalamu iliyo mkononi mwake.

"Kura hii imefutwa," alisema.

"Haifutwi," Atupele alisema. "Sheria uliitunga mwenyewe. Kura iliyopigwa kwa akili tulivu haitenguliwi na mtu mwenye hisia. Wewe sasa hivi una hisia, Mheshimiwa. Nakuona."

"Daktari, kuna watu huko."

"Hata magharibi, usiku ule, walikuwepo."

Wajumbe waliwatazama wawili hao kwa mshangao mdogo, kama watu wanaosubiri gari. Simu mkononi mwa Sichone ilikuwa bado wazi.

"Ipo njia moja," Atupele alisema. "Tamka kwamba utepe unapofusha. Kwa hiyo hakuna kura iliyopigwa utepe ukiwa kichwani iliyo halali. Ya leo, na ile ya king'ora. Wewe usiyejua na mimi niliyejua, wote tuliwazika watu wa Ipunga. Litamke hapa, wanakusikiliza."

Sanga alilitazama jicho la kamera. Alipoanza kusema, alisema polepole.

"Kifaa kilichotengenezwa na Daktari Atupele Mwambene kina kasoro."

"Endelea," Atupele alisema. "Mimi nitajibu mahakamani. Endelea na yako."

"Kina kasoro," Sanga alirudia, "na sisi tulionywa, na tulikitaka hivyo hivyo. Kura zote ni batili. Vueni."

Walivua mmoja mmoja. Kilichofuata hakikuwa kizuri kutazama. Mzee Mwakipesile alilia kwa sauti huku akiwataja madereva wa mabasi wanaoweza kufika Nkwisi kwa njia ya juu. Mama wa Kamati ya Ulinzi alimfokea Sichone, akamtaka ahesabu upya, akamkosoa hesabu yake, na alikuwa sahihi. Wakulia na Wakushoto walikatizana maneno, wakapakana matope, wakapatana. Ilichukua mchana wote uliobaki. Milango ikafunguliwa nusu nusu, mabasi yakaenda kote kuwili, na mashamba ya wote yakazama kidogo.

Atupele aliyasikiliza hayo akiwa amekaa nyuma ya ukumbi kati ya askari wawili waliokuja kumkamata kwa kasoro ile ya kifaa chake. Hasira yake ilikuwa pale pale.

Sanga alimfuata wakati askari wakijiandaa kumtoa. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Kalamu ilipokuwa inashuka, ulinyamaza. Nilikumbuka baadaye. Ungeacha maji yaje huku? Wanangu wako huku huku."

Uongo ulikuwa rahisi, na askari pengine wangeubeba kama ushahidi mwema kwake.

"Kwa muda ule, ndiyo," Atupele alisema. "Nilitaka yaje. Na kichwani sikuwa nimevaa kitu."